Heko, Lufufu

Kwetu watoto wa Mbuba, Ngara, steringi alikuwa Arnold Schwarzenegger. Commando ya 1985 tuliiona kwa Kiingereza kitupu, ndani ya kibanda umiza, jenereta likinguruma nje; tukaambulia misuli na risasi. Kwamba Arnold, kama John Matrix, anamtafuta bintiye Jenny aliyetekwa, wengi tulikisia tu.

Kisha ikafika mikanda ya Lufufu, yaani Derek Mukandala, aliyetafsiri filamu kwa Kiswahili. Sifa huwaendea waigizaji; zangu nampa yeye. Hakutafsiri tu. Alizungumza juu ya picha, akatutajia nani adui, nani msaliti, akatia chumvi (nyingi, na ilihitajika). Hata bibi asiyejua Kiingereza aliuliza kesho inaonyeshwa ipi.