Zamu ya Kuliwa na Zamu ya Kulinda: Hadithi za Sungura na Mwanafunzi Anayeonewa

Katika ufundishaji wa fasihi simulizi shuleni, hadithi za sungura zimepewa nafasi ya heshima. Mwanafunzi hufunzwa kuziainisha: wahusika wakiwa wanyama, hiyo ni khurafa, ujanja ukitawala, hiyo ni hekaya. Kisha huulizwa funzo lake, naye hujibu bila kusita kwamba akili ni bora kuliko nguvu. Makala haya yananuia kulichunguza jibu hilo. Tunauliza: mtoto anayeonewa bwenini na wenzake wenye nguvu, anapopewa jibu hili, je, amepewa silaha au ameachwa peke yake?

Tuchukue mfano wa hadithi ya simba na kisima. Hadithi hii ina safari ndefu: imo katika Panchatantra ya Bara Hindi, na ilifika katika fasihi ya Kiarabu kwa kalamu ya Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, katika kitabu cha Kalila na Dimna. Watoto wetu nao huisikia kwa Kiswahili. Simba anawamaliza wanyama wa mwitu. Wanyama wanakutana, wanashauriana, kisha wanamwendea na mapatano: atulie pangoni, nao watampelekea mnyama mmoja kila siku. Zamu ya sungura inapofika, anachelewa makusudi, anadai kwamba njiani amezuiwa na simba mwingine, na anamwongoza simba hadi kisimani. Simba anakiona kivuli chake majini, anakirukia, anaangamia.

Wahakiki na walimu wengi huanzia pale sungura anapotokea. Sisi tunaona kwamba kiini cha hadithi kimo kabla yake, katika lile baraza la wanyama. Hawa si wanyonge wasioweza kuungana. Wamekwisha kuungana: wana kikao, wana kauli moja, wana utaratibu unaofuatwa bila kukosa. Lakini umoja wote huo wameutumia kuamua nani aliwe leo na nani kesho. Nyati mwenye pembe yumo katika kikao hicho, na tembo pia twaweza kumweka humo, maana simba mmoja hawezi kulishinda pori zima. Simba amepewa nguvu zake na wale wanaomletea chakula. Msimulizi hawalaumu wanyama hawa, na darasani pia hatuwalaumu, kwa kuwa macho yetu yamevutwa na werevu wa shujaa.

Yeyote aliyesoma katika shule ya bweni nchini Kenya atalitambua baraza hili. Mwanafunzi mgeni, yule aitwaye ‘mono’, hufuliza nguo za wakubwa, hunyang'anywa sabuni na sukari, huamshwa usiku aimbe huku bweni zima likimcheka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kiakili, lakini desturi hii ina sheria yake: leo ni zamu yako, mwakani utakuwa na mono wako. Aliyeliwa hungoja zamu ya kula. Kwa mtoto aliye katika hali hiyo, nasaha ya kuwa mwerevu kama sungura ina ukatili wake. Akishindwa kubuni hila, ataona kwamba kosa ni lake kwa kukosa akili.

Utafiti wa kisasa unatuunga mkono katika usomaji huu. Dan Olweus, aliyeanza kuuchunguza uonevu wa shuleni huko Skandinavia katika miaka ya 1970, alisisitiza kwamba uonevu ni kitendo kinachorudiwa, baina ya watu wasiolingana kwa nguvu, na kwamba shule nzima ndiyo yenye wajibu wa kuukomesha. Mwaka 1996 Christina Salmivalli na wenzake huko Ufini walionyesha kwamba tukio la uonevu lina wahusika zaidi ya wawili: wamo wanaomsaidia mwonevu, wanaomshangilia, wanaojitenga na wanaomtetea anayeonewa. Kwa lugha yetu ya uhakiki, wahusika wadogo ndio wanaoupeleka msuko mbele.

Sasa tuilinganishe hadithi hiyo na nyingine ambayo watoto wa Afrika Mashariki huijua vyema. Ukame umeingia, wanyama wanachimba kisima, sungura anakataa kuchimba, kisha anakuja kunywa maji ya wenzake. Hapa sungura yule yule, kwa werevu ule ule, ndiye mwonevu. Anawahadaa walinzi mmoja baada ya mwingine, mara nyingi kwa utamu wa asali, anawafunga kamba na kuyachafua maji. Hii ni hoja muhimu: ujanja hauna upande. Ukimfundisha mtoto ujanja bila haki, huenda umemwandaa mwonevu wa mwaka ujao.

Wanyama wa hadithi hii, hata hivyo, si wale wa kwanza. Wao pia wana zamu, lakini ni zamu ya kulinda. Mlinzi mmoja akishindwa, hawasemi kwamba shauri lake. Wanamweka mwingine, mpaka zamu inamfikia kobe, mnyonge wa wanyonge, anayejificha majini na kumnasa mwizi. Ushindi wa kobe si wa peke yake. Yupo pale kwa sababu jamii imemweka, na akishamkamata sungura, wapo wa kumwitikia.

Huenda mhakiki akasema kwamba tunaitwisha hadithi mzigo usio wake, na kwamba sungura amewapa wanyonge matumaini kwa karne nyingi. Hatulikatai hilo. Mnyonge anahitaji kicheko pia. Lakini hadithi inayofundishwa darasani imekwisha kufanywa somo, na mwalimu hawezi kukwepa dhima ya somo analolichagua.

Kwa hiyo tunapendekeza hadithi hizi mbili zifundishwe pamoja. Baada ya kusimulia ya kwanza, mwalimu asiulize tu sungura alifanya nini. Aulize nyati alikuwa wapi. Wanafunzi waigize baraza upya, kila mmoja akisema neno ambalo mnyama wake angalisema kuyakataa mapatano. Wazoee kusema “Mwache!” kwa sauti moja, kumwendea aliyeonewa na kuketi naye, kumwita mwalimu wa zamu. Wafundishwe pia kupambanua kati ya kuchongea na kuripoti: mchongezi hutaka mtu aadhibiwe, anayeripoti hutaka mtu aokolewe. Naye mwalimu akiitwa, aitike. Kobe angalipiga ukelele kisimani pasiwe na wa kuja, hata yeye angaliishia kufungwa kamba.