Manyani wa Adili: Shaaban Robert na Udugu wa Binadamu na Wanyama

Mwaka mmoja, nilipokuwa nikisomesha Adili na Nduguze hapa Lushoto, mwanafunzi mmoja aliyezaliwa katika vijiji vilivyo chini ya msitu wa Magamba alinyosha mkono akasema, "Mwalimu, huyu Mfalme Rai hakupata kulima." Darasa zima likacheka. Nilipomwuliza maana ya maneno yake, alijibu kwamba yeye alilelewa katika dungu. Kila mahindi yalipokaribia kukomaa, mchana alishinda akiwafukuza nyani na kima, na usiku baba yake alikesha akiwangoja nguruwe mwitu. Mfalme awapendaye wanyama wote, na liwali akaaye mezani pamoja na manyani, walikuwa machoni pake watu wa kuchekesha.

Swali hilo halikustahili kupuuzwa. Tumezoea kuisoma riwaya hii kama funzo juu ya hasadi na wema, na manyani wawili tumewafanya vazi la adhabu, ambalo mtu huvikwa kisha akavuliwa. Mwanafunzi yule aliwaona manyani kuwa manyani. Katika makala haya fupi nakusudia kuonyesha kwamba alikuwa na haki, na kwamba tukimfuata tutauona uzuri wa kitabu mahali tusipozoea kuutafuta.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba mwandishi hakuwa mgeni wa mambo ya wanyama. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, alitumikia Idara ya Wanyama katika miaka ya 1944 hadi 1946, baada ya utumishi mrefu wa forodha. Moja ya kazi za idara hiyo ilikuwa kuwalinda wakulima na wanyama waharibifu. Riwaya yenyewe ilitoka mwaka 1952. Basi hatuwezi kusema kwamba aliiumba nchi ya Ughaibu kwa sababu hakupata kusikia kilio cha mkulima.

Hata hivyo, lawama ya mwanafunzi ina nguvu. Wanyama wa Ughaibu ni watiifu na wapole; ukali umewatoka kwa wema wa mfalme. Lakini hawana njaa. Hakuna shamba lililovunjwa ua, wala mama aliyeamka akakuta mihogo imefukuliwa. Wanyama wasio na njaa ni pambo la ufalme, na wema usiomgharimu mtu kitu ni mwepisi kuusifu.

Ukitaka kuona upande wa pili, soma Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichochapishwa kwanza Magila na kutolewa tena mwaka 1962, mwaka uleule aliofariki Shaaban Robert. Humo mna habari za Mbega, mwindaji aliyekuja Usambara kutoka Unguu akiwa na mbwa wake. Aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawapa watu nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Akaua simba, na jina la simba likawa jina la enzi yake. Ufalme uliokuja kukaa Vuga ulianza kwa mkuki, nyama na ugali. Mbega hakuwahurumia nguruwe. Aliwahurumia wenye mashamba. Mtoto wa dungu humwelewa Mbega mara moja.

Je, tuseme basi kwamba mwandishi wa Habari alisema kweli na mwandishi wa riwaya alisema ndoto? Ningejibu ndiyo, kama Adili na Nduguze ingekwisha katika jumba la Rai. Lakini moyo wa kitabu uko katika chumba cha Adili, usiku.

Hadithi hii ina asili yake katika Alfu Lela Ulela, katika kisa cha Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, na nduguze wawili waliogeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwaondoa mbwa akaweka manyani. Badiliko hilo laonekana dogo, na wengi hulipita upesi. Mimi naliona kuwa kubwa. Msikilizaji wa kale aliyesikia kwamba mtu amegeuzwa mbwa aliona heshima imeporomoka, maana mbwa ni najisi na mahali pake ni nje. Nyani hana umbali huo. Ana mkono kama mkono wetu, hukaa kama sisi, humkumbatia mwanawe kama mama. Tena ndiye mwizi wa shamba anayejulikana na kila mkulima. Hasidi na Mwivu, waliotamani kilichokuwa cha ndugu yao, wamepewa mwili wa mnyama aishiye kwa kuvizia mavuno ya wengine. Wahenga walisema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe; waama hakuna sura ya hasidi iliyo sahihi kuliko hiyo. Kwa badiliko moja kisa kimetoka Basra kikaingia katika mahindi yetu.

Hapo ndipo mwandishi anapojibu lile swali la darasani. Adili amelazimishwa na Huria, jini aliyemwokoa, kuwapiga manyani wale kila usiku. Huwapiga, kisha huwatunza. Mkono ulioshika mjeledi ndio mkono ulishao. Manyani hawa si pambo. Walitenda uovu, nao huumia. Na anayewaadhibu huumia pamoja nao, kwa kuwa anajua ni nani waliomo ndani ya manyoya yale. Hapa wema una gharama, na gharama hulipwa kila usiku. Mtoto wa dungu naye ameijua sehemu ya jambo hili: amelirusha jiwe, kisha akaona nyani jike akikimbia na mwanawe kifuani, na mkono wake ukasita kuokota jiwe la pili.

Tazama pia mwisho. Katika kisa cha Basra ndugu wanarudishiwa ubinadamu, wanarudia uovu, na mambo yanaishia katika mauaji. Shaaban Robert amewapa toba na msamaha. Wako wanaouona mwisho huu kuwa laini mno. Kwangu umestahiki, maana umelipiwa katika chumba kile. Mtu aliyemwita nyani ndugu kwa muda wote huo hangeweza kumwua alipokuwa mtu tena. Jina la kitabu lenyewe latufundisha: nduguze, nao walikuwa ndugu hata walipokuwa na mikia.

Kwa hiyo nawashauri walimu wenzangu wasianze na sifa za Mfalme Rai, ambazo wanafunzi huzikariri na kuzisahau. Waanze na mjeledi. Wawaulize watoto wa wakulima wanamjuaje nyani, kisha wasome nao usiku wa Adili. Nilifanya hivyo mwaka uliofuata, na katika darasa lile hakuna aliyecheka.