Sketi Iliyokatwa Hanamu

Shika kitambaa cha kufumwa kwa pembe mbili zinazokabiliana, ukivute. Kitarefuka, kitajibana katikati, na ukikiachia kitajirudi. Kivute kwa urefu au kwa upana, hakikupi chochote. Nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu, na za mshindio, zinazokwenda kwa upana, hazinyumbuki kwa urahisi, lakini zinapokutana hazikufungwa fundo, zimepishana tu. Ukivuta kwa mshazari, nyuzi huegemeana na kitambaa hupata uhai ambao hakikuwa nao. Madeleine Vionnet wa Paris aliuelewa uhai huo kuliko wabunifu wote wa zama zake, na hadi leo watu hujifungia nyumbani na cherehani zao wakijaribu kushona sketi kama alivyozikata yeye. Kazi yao hiyo naiheshimu sana.

Vionnet alizaliwa Ufaransa mwaka 1876 na kuingia katika ushonaji akiwa bado mtoto. Alifanya kazi London, kisha Paris katika nyumba za mavazi za akina Callot na Jacques Doucet, na mwaka 1912 akafungua nyumba yake mwenyewe ya mavazi. Kukata kwa mshazari, yaani hanamu, hakukuanza naye. Mafundi walikuwa wakikutumia kwa kola na mapambo madogomadogo. Yeye alilikata vazi zima hivyo. Hakuanza kwa kuchora. Alikizungusha kitambaa kwenye mwanasesere wa mbao mwenye viungo, akakiacha kijiangukie, akatazama kinapotaka kwenda, ndipo akashika mkasi. Ndiyo maana sketi zake hufuata nyonga bila kubana na hufunguka chini bila rinda hata moja.

Ukiitazama sketi yake kwenye picha, utadhani ni rahisi kuliko zote. Haina mfuko, haina kifungo, na mishono yake inahesabika. Mshonaji wa nyumbani anayeanza kuiga hugundua upesi kwamba ugumu wote umefichwa ndani ya huo urahisi.

Kwanza ni kitambaa. Kitenge kipya chenye nta kimekakamaa mno. Kinachofaa ni krepu, satini laini au rayoni inayoteleza, na kiwe cha kutosha, kwa sababu kukata hanamu hula kitambaa na kuacha pembe nyingi za mabaki. Vionnet mwenyewe aliagiza vitambaa vipana kuliko vya kawaida ili apate nafasi ya kukata. Mshonaji mwangalifu hujaribu kwanza kwa kitambaa cha bei nafuu chenye mwanguko unaokaribiana na kile atakachotumia. Merikani ngumu itamdanganya, kwa kuwa haianguki kama krepu.

Kisha ni kukata. Kunja pembe ya kitambaa mpaka ukingo wake ulale sambamba na mshindio. Mkunjo unaopatikana ndio hanamu halisi ya digrii 45. Kitambaa kitandazwe chote mezani, kisining'inie upande wowote, na kikatwe tabaka moja moja, kwa sababu tabaka mbili za satini hupishana hata zikibanwa kwa pini. Sketi ya vipande vinne hukatwa vile vya kulia na vya kushoto vikielekeana, ili mvutano wa upande mmoja usawazishwe na wa upande wa pili. Vikikatwa vyote vikiegemea upande mmoja, sketi huzunguka kiunoni kila mvaaji anapotembea, na hakuna pasi wala mshono utakaoirekebisha.

Katika kushona ndipo subira hujulikana. Kiuno hutangulia kuzuiwa, kwa utepe wa pamba usiovutika, kabla hakijatanuka kwa kushikwashikwa. Mishono ya ubavuni huachiwa nafasi pana, sentimita tatu hivi, kwa kuwa kitambaa kikirefuka hupungua upana. Mshonaji hupiga bandi kwa mkono kwanza, kisha hupitisha cherehani kwa sindano mpya nyembamba na zigizaga ndogo isiyoonekana, ili uzi unyumbuke pamoja na kitambaa na usikatike mtu anapoketi. Pasi huwekwa na kuinuliwa. Ikiburutwa huacha mawimbi ambayo hayaondoki.

Hatua ninayoipenda kuliko zote ni ile ambayo mshonaji hafanyi kitu. Sketi isiyo na pindo huning'inizwa, siku nzima au zaidi, uzito wake wenyewe uivute. Sehemu zilizokaa hanamu kamili hushuka zaidi na nyingine hubaki, hivyo ukingo wa chini huishia kupanda na kushuka. Anayeharakisha kupinda atavaa sketi iliyoshuka upande mmoja baada ya wiki moja. Anayesubiri huivaa, husimama wima, na dada yake au jirani hupiga magoti na rula, akitia alama ya chaki kuzunguka sketi yote kwa kipimo kimoja kutoka sakafuni. Pindo lenyewe huwa jembamba, huviringishwa na kushonwa kwa mkono, kwa kuwa pindo zito lingeizuia sketi kuanguka.

Vionnet aliwachukia walionakili mavazi yake na kuyauza. Aliweka alama ya dole gumba lake kwenye lebo zake, na kila vazi lilipigwa picha kutoka mbele, ubavuni na nyuma, ili apate ushahidi wa kuwakabili. Alikuwa na haki. Anayeuza kazi ya mwenzake kama yake ni mwizi, hata akishona vizuri. Lakini mtu anayejishonea sketi moja, akamtaja aliyeibuni, yuko katika hali nyingine kabisa. Huyo ni mwanafunzi. Vionnet alifunga nyumba yake ya mavazi mwaka 1939, na mwaka 1952 alitoa mavazi yake na picha hizo zihifadhiwe Ufaransa. Baadaye Mmarekani Betty Kirke, mtaalamu wa kuhifadhi mavazi, alitumia miaka mingi kuyapima mavazi yaliyosalia, akachora pateni zake na kuzitoa katika kitabu. Maarifa yaliyokuwa yanalindwa yasiibwe sasa yanamfikia yeyote mwenye mkasi na subira.

Wapo wanaoona kwamba nakala ya nyumbani ni njia ya kuokoa fedha tu. Fedha huokolewa, ni kweli, lakini faida kubwa iko kwenye macho na vidole vya mshonaji. Picha hukuonyesha jinsi sketi inavyopendeza. Ukiishona unajua kwa nini mshono umewekwa pale na si sentimita mbili pembeni, na kwa nini hapana mkanda pale ambapo mwingine angeuweka. Unafuata mawazo ya fundi aliyekutangulia hatua kwa hatua. Mtu aliyepita njia hiyo haridhiki tena na nguo kwa rangi na jina lililo kwenye lebo: huigeuza, huikagua ndani, huangalia mtande unaelekea wapi, na anapokuta kazi nzuri anajua hasa ni nani wa kushukuriwa na kwa lipi. Kila fundi bora anastahili kupata mvaaji wa namna hiyo.