Uzee wa Mamluki

Katika riwaya zetu za ujasusi muuaji wa kukodiwa hazeeki. Ukizisoma hadithi za Elvis Musiba utaona kuwa adui anayelipwa ili aue hufikiwa na mkono wa Willy Gamba angali na nguvu zake. Hana mvi, haumwi mgongo, hana wa kumwuguza. Hadithi humwondoa mapema, na msomaji hufunga kitabu bila ya kujiuliza mtu yule angelizeeka vipi. Maisha hayafuati kanuni hiyo. Kwa sababu hiyo nimekisoma kwa makini kitabu cha Bob Denard, Corsaire de la République, kilichotoka Ufaransa mwaka 1998, naye yu karibu na miaka sabini.

Sisi wa Pemba hatuwezi kumwona Denard kuwa mtu wa mbali. Visiwa vya Komoro ni jirani zetu wa bahari, wa dini na wa damu. Sayyid Ahmed bin Sumeit, kadhi mashuhuri wa Unguja aliyefariki mwaka 1925, alizaliwa Itsandraa, Ngazija. Yaliyowafika watu wa huko tunayasikia kama khabari za ukoo.

Na yaliyowafika ni haya. Mwaka 1975 Denard alikodiwa na upande wa Ali Soilih, akaenda Nzwani kumkamata Ahmed Abdallah aliyekwisha kupinduliwa. Mei 1978 alirudi kwa bahari na watu kama hamsini, safari hii akimfanyia kazi Ahmed Abdallah yule yule, akampindua Ali Soilih. Wiki mbili baadaye Soilih aliuawa akiwa kizuizini, umri wake miaka 41. Ikasemwa alitaka kutoroka. Denard akakaa Komoro zaidi ya miaka kumi akikiongoza kikosi cha ulinzi wa rais, akasilimu na kuitwa Said Mustapha Mahdjoub. Novemba 1989 Ahmed Abdallah alipigwa risasi akafa, na Denard alikuwapo. Mwaka 1999 mahakama ya Paris ilimwona hana hatia ya mauaji hayo, na sharti tuliseme hilo.

Sasa tazama jina alilokipa kitabu chake. Corsaire kwa Kifaransa si haramia hivi hivi. Ni nahodha aliyepewa barua na mfalme wake, ateke vyombo vya adui kwa idhini. Denard anataka tumsome hivyo: kwamba aliitumikia Jamhuri yake, ambayo haikumwamuru waziwazi wala haikumkataza. Ni utetezi wa mjanja, kwani barua isiyoandikwa haiwezi kutolewa mahakamani, na pia haiwezi kukanushwa.

Kiswahili kina neno jengine. Mamluki limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni mtu anayemilikiwa. Naliona neno letu kuwa hakimu bora kuliko lile la Kifaransa. Corsaire hutufanya tumtazame mtu juu ya sitaha, upepo usoni. Mamluki hutufanya tuulize bwana wake ni nani. Mtu aliyemkamata Abdallah kwa ajili ya Soilih, kisha akamwangusha Soilih kwa ajili ya Abdallah, hakuwa huru hata siku moja, ingawa kitabu kizima kinavuma kwa sauti ya mtu huru.

Khatima yake yathibitisha hayo. Septemba 1995, akiwa na miaka 66 na akichechemea tangu jeraha la Kongo la mwaka 1967, alishuka tena Ngazija usiku na watu kama thelathini, akamkamata Rais Said Mohamed Djohar. Kabla ya siku kumi kwisha majeshi ya Ufaransa yalikuja yakamchukua. Mwaka 2006 mahakama ya Paris ilimtia hatiani, huku ikisema kuwa idara za siri za Ufaransa zilikuwa na khabari za njama ile. Mwenyewe hakuweza kuhudhuria. Alikuwa na maradhi ya kusahau. Alifariki Oktoba 2007, umri wake miaka 78.

Siwezi kumcheka mzee aliyepotewa na kumbukumbu. Hilo laweza kumpata yeyote wetu. Lakini kitabu kilisahau kabla ya mwenyewe kusahau. Kimeandikwa kujitetea, wala si kuomba radhi. Nasi tuliolelewa vyuoni tulifundishwa kuwa toba kwa Mola ni baina ya mtu na Mola wake, ila haki ya mja haifutiki mpaka mwenyewe arudishiwe au aombwe msamaha. Mtu aliyesilimu Moroni alipaswa kulijua somo hilo, na kitabu ndicho kilichokuwa nafasi yake ya mwisho.

Pemba tunajua kitabu kingine cha mtu wa bunduki. John Okello, aliyeishi hapa kabla ya kuhamia Unguja, alichapisha Revolution in Zanzibar mwaka 1967. Hakuwa mamluki, na sitaki kuwachanganya. Ila vitabu hivi viwili vina kasoro moja: mwenye silaha ana jina, sauti na safari, na waliokufa ni idadi tu.

Nalisema hili pia kwa sababu siasa zetu zimelichakaza neno mamluki. Mwenye kutofautiana nasi huitwa mamluki. Mpiga kura tusiyemtaka huitwa mamluki. Tukilitupa ovyo hivyo, tutakosa jina la kumpa anayeua kwa malipo atakapokuja na mvi zake na kitabu chake. Basi anayekisoma cha Denard akisome na kalamu mkononi, na kila anapofika kwenye safari mpya aandike pembeni mambo mawili: nani alilipa, na nani alizikwa.