Watu wa Kamiriithu na Mchezo Wao wa Nyimbo

Katika nchi yetu ya Mpanda michezo ya nyimbo si jambo geni. Noeli haipiti bila vijana wa kwaya kujifunga mashuka na kuwa wachungaji wa kondoo. Juma Kuu halipiti bila Pilato kunawa mikono mbele ya watu wote. Nazo shule hufunga mwaka kwa ngonjera na ngoma. Mchezo ukiisha, msemaji husimama kutoa shukrani. Humtaja mwalimu aliyeandika maneno, na pengine bwana aliyetoa fedha za vitambaa. Wale walioimba hawatajwi. Bibi aliyewafundisha wimbo wa kale wa Wapimbwe au wa Wakonongo hatajwi kamwe, hata kama wimbo huo ndio uliowatoa watu machozi. Twadhani mchezo ni mali ya mwenye kalamu, na wengine wote ni makoo ya kumwimbia.

Nataka kulipima wazo hilo kwa mchezo mmoja uliochezwa mbali na kwetu, katika kijiji cha Kamiriithu, karibu na Limuru, nchi ya Kenya, mwaka 1977. Jina lake kwa Kikuyu ni Ngaahika Ndeenda, na kitabu chake kimefasiriwa kwa Kiswahili kwa jina Nitaolewa Nikipenda. Juu ya jalada mna majina mawili: Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Wako Wakristo wenzetu wasiotaka kukishika kitabu hiki, kwa kuwa wamesikia kwamba kinalitukana Kanisa. Neno hilo nitalifikia. Kwanza tuwatazame watu wenyewe.

Kamiriithu si kijiji kilichoota chenyewe kama uyoga. Kilianzishwa katika miaka ya hamsini, wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya Waingereza ilipowaondoa watu katika mashamba yao na kuwakusanya pamoja ili wasiwapelekee chakula wapiganaji wa msituni. Wasomaji wetu wa Katumba na Mishamo, ambao wazee wao walikimbia Burundi mwaka 1972 na kupangiwa makao mapya katika nchi hii, watafahamu upesi kuliko wengine maana ya kuishi mahali palipopimwa na mtu mwingine, ingawa wao walikuja kama wageni waliopokewa, na wale wa Kamiriithu walisukumwa katika nchi yao wenyewe. Vita vilikwisha, uhuru ukaja mwaka 1963, lakini wengi hawakurudishiwa mashamba. Walibaki pale pale, wakawa vibarua wa mashamba ya chai, na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Limuru, na wengine wakawa hawana kazi yo yote.

Katika kijiji hicho palikuwa na uwanja uliotengwa kwa ajili ya vijana, na juu yake kibanda kibovu cha udongo. Mwaka 1976 mwanamke mmoja wa kijijini alikwenda nyumbani kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye alizaliwa upande huo wa Limuru mwaka 1938 na sasa alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alimwuliza kwa nini yeye na wenziwe wenye elimu hawaigawii elimu hiyo kijiji chao. Hakujibiwa vema, akarudi juma la pili. Akarudi tena. Mwenyewe Ngũgĩ ameandika habari hii, wala hakujificha. Basi mwanzo wa mchezo huu, ambao umetajwa katika vyuo vikuu vya dunia, ni miguu ya mwanamke asiyechoka kubisha hodi. Nani atakataa kwamba huyo naye ni mmoja wa watungaji?

Walianza kwa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika, kazi iliyoongozwa na Ngũgĩ wa Mirii. Watu walipokwisha kujua kusoma, waliuliza: Tusome nini sasa? Ndipo wale wawili wakaombwa kuandika mchezo. Mwezi wa Aprili 1977 walileta karatasi za kwanza, na hapo ndipo yalipoanza mambo ambayo waalimu wengi wa kwaya tusingeyavumilia. Wanakijiji walizikosoa. Wazee waliwaambia wasomi kwamba mzee hawezi kusema maneno kama haya, kwamba methali hii haitumiki hivi, na kuwauliza ni elimu gani waliyoipata huko chuoni. Wafanyakazi wa kiwandani walieleza kazi yao ilivyo, mshahara na zamu, hata maneno ya mchezaji yakawa ni habari ya kweli. Bibi kizee asiyejua kusoma aliwasomea kwa kinywa chake, neno kwa neno, nyimbo za gĩtiiro, ambazo wanawake wa upande wa bwana arusi na wa upande wa bibi arusi hujibizana katika sherehe za ndoa. Wenye shahada walishika kalamu, na yeye akawa mwalimu.

Mazoezi yalifanywa uwanjani, mchana, mbele ya kila apitaye. Kimani Gecau, mwalimu wa chuo kikuu, ndiye aliyeongoza uchezaji, lakini waliosimama pembeni nao waliongoza, wakipaza sauti kwamba hivyo sivyo mtu anavyolia, wala sivyo mlevi anavyoanguka. Kabla siku yenyewe haijafika, watu wengi wa kijiji walikwisha kuyajua maneno yote. Ukumbi nao waliujenga wenyewe: kwanza waliupanga kwa njiti za kiberiti kama watoto wajengavyo nyumba ya mchezo, kisha wakaujenga kwa miti, jukwaa limeinuka, na viti vya watu zaidi ya 2,000, bila paa. Jumapili tarehe 2 Oktoba 1977 ulifunguliwa. Mvua ilipokuja wakati wa mchezo, watu walikimbilia miti na nyumba za jirani, na ilipokatika wakarudi kuketi.

Sasa na tuutazame mchezo wenyewe. Kiguunda ni kibarua mwenye shamba la eka moja na nusu. Hati ya shamba hilo ameitunza ukutani kama sisi tunavyotunza picha ya arusi. Mkewe ni Wangeci, binti yao ni Gathoni. Tajiri ambaye Kiguunda humfanyia kazi ni Ahab Kioi wa Kanoru, mzee wa kanisa, na mkewe Jezebel. Tajiri huyu na wenziwe wanataka mahali pa kujenga kiwanda pamoja na wageni kutoka ng'ambo, na eka moja na nusu ile ndiyo inayowafaa. Kioi anapokuja kumtembelea, Kiguunda na mkewe wanadhani amekuja kumposea mwanawe John Muhuuni, ambaye anatembea na Gathoni. La, amekuja kuwahimiza wafunge ndoa kanisani, kwa kuwa ndoa yao ya kimila ni dhambi. Baada ya ukaidi wanakubali, na ili kupata nguo na karamu ya arusi wanakopa benki, Kioi akiwa mdhamini, na hati inawekwa rehani. Binti anarudi nyumbani akilia: ana mimba, na kijana amemkana. Kioi hataki habari hiyo. Kiguunda anafukuzwa kazi, deni linadaiwa, shamba linapigwa mnada, na mnunuzi ni Kioi.

Msomaji anayeijua Biblia ameisha kutambua habari hii. Ni shamba la mizabibu la Nabothi, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 21. Majina ya Ahab na Jezebel hayakuwekwa kwa ajili ya kuchekesha tu. Tukumbuke Yezebeli alitumia njia gani. Hakupeleka askari wamnyang'anye Nabothi shamba. Aliandika barua watu watangaze siku ya kufunga. Alitumia ibada. Kwa mfungo mtakatifu walimweka Nabothi mbele ya watu na kumwua. Kadhalika Kioi hakuja na panga, alikuja na ndoa takatifu. Kwa hiyo nawaambia wale wanaosema mchezo huu unatukana sakramenti: je, aliyeandika Kitabu cha Wafalme aliutukana mfungo? Mwenye kuliaibisha jambo takatifu ni yule aliyelifanya ndoano, si yule aliyeonyesha ndoano hiyo hadharani.

Tena iko tofauti moja, na hapo ndipo ninapouona mchezo huu kuwa mkubwa. Nabothi alikataa, akafa amekataa. Kiguunda alikubali. Mwenyewe aliiondoa hati ukutani. Alifanya hivyo kwa sababu alitamani kuwa mkwe wa tajiri, na Wangeci alitamani arusi nyeupe yenye keki, na Gathoni alitamani magauni. Wanakijiji walioutunga hawakujitakasa. Katika Katavi ambako leo watu wanapewa hati za kimila za mashamba yao kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999, na wengine wanakopa kwa ajili ya arusi ya siku moja, hatuwezi kusema kwamba habari hii ni ya Wakikuyu tu.

Walakini sina sifa tupu. Ubaya wa kwanza ni kwamba mchezo hauna Mkristo mwema hata mmoja. Waliouchezea Kamiriithu walitoka katika kijiji chenye makanisa. Naamini walikuwamo miongoni mwao akina mama wanaosali kwa moyo na kumpa jirani nusu ya unga wao. Mama wa namna hiyo hayumo jukwaani. Angalikuwamo, aibu ya Kioi ingalizidi, kwa kuwa angalihukumiwa na imani ile ile anayoivaa. Yezebeli alikuwa na Eliya wa kumkemea kwa jina la Mungu. Kioi anakemewa na Gicaamba, jirani wa Kiguunda, na huyu ni ubaya wa pili. Gicaamba anajua mambo mengi ya kiwandani, na maneno yake ya mshahara na jasho ni mazuri sana, lakini husema mno. Kila ajapo anahutubu. Hapo nasikia sauti ya wasomi wawili kuliko sauti ya wazee waliowasahihisha. Na nyimbo zinapoingia tena napumua.

Kwa maana nyimbo ndizo nguzo za mchezo huu. Hazikupachikwa kati ya maneno ili wachezaji wapate nafasi ya kubadili nguo, kama tufanyavyo sisi. Kwa nyimbo hizo Kiguunda na Wangeci huukumbuka ujana wao na vita vya uhuru. Wenye makanisa huziimba zao na walevi zao, nazo hupambana. Hata mtu asiyefuata mazungumzo angefahamu mambo kwa nyimbo peke yake.

Tarehe 16 Novemba 1977 serikali ilifuta ruhusa ya kuuchezea, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini bila hukumu hadi Desemba 1978. Hapa pana jambo la kufikiri. Mwaka ule ule wa 1977, mwezi wa Julai, alikuwa ametoa kitabu cha Kiingereza, Petals of Blood, chenye lawama zile zile juu ya matajiri na wanyang'anyi wa ardhi. Kitabu hicho kilizinduliwa Nairobi kwa heshima, na mgeni mkuu alikuwa Mwai Kibaki, waziri wa fedha. Mtu ni yule yule, lawama ni zile zile. Kilichozidi Kamiriithu ni nini, kama si bibi wa gĩtiiro, na vibarua wa chai, na wale waliokaa pembeni wakiongoza? Kalamu iliachwa iende. Waliofungiwa njia ni watu waliosema pamoja kwa lugha yao.

Walijaribu tena. Februari 1982 walitaka kucheza Maitũ Njugĩra, yaani Mama Niimbie, katika Ukumbi wa Taifa mjini Nairobi, wakakuta milango imefungwa. Wakaendelea na mazoezi katika chuo kikuu, na watu zaidi ya elfu kumi walikwenda kuyatazama mazoezi hayo kabla hayajakatazwa nayo. Mwezi wa Machi polisi walikwenda Kamiriithu na kulivunja jukwaa. Ngũgĩ wa Mirii na Kimani Gecau walikwenda Zimbabwe, wakafanya kazi ya michezo ya vijijini huko. Ngũgĩ wa Mirii alifariki mwaka 2008 kwa ajali ya gari. Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Mwezi wa Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ulichezwa katika Ukumbi wa Taifa ule ule uliofungiwa wanakijiji, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza.

Baadhi ya waalimu wa Mpanda wameniuliza kama mchezo huu wafaa kuchezwa na kwaya zetu. Wafaa, kwa watu wazima, na padre au mchungaji akisome kitabu kwanza, asihukumu kwa kusikia. Lakini yuko mwalimu atakayefungua kurasa za arusi, aone maneno ya gĩtiiro yamo na sauti zake hazimo, kwa sababu kitabu hakiimbi. Asitunge sauti za uongo, wala asiazime wimbo wa santuri kutoka mjini. Aende Inyonga, au Usevya, au Karema kando ya ziwa, amtafute bibi aliyeimba katika arusi za ujana wake, akae chini amsikilize, aandike anavyoambiwa, na akisahihishwa asinune. Na siku ya mchezo, msemaji atakaposimama kutoa shukrani, jina la bibi huyo na liwe la kwanza katika karatasi yake.