Pumzi ya Glenda Jackson

Uigizaji wa jukwaani ni kazi ya pumzi. Mwigizaji asiye na pumzi hawezi kulifikisha neno viti vya nyuma, hata sura yake ipendeze vipi. Kati ya waigizaji wa Uingereza, simwoni aliyelithibitisha hilo kumshinda Glenda Jackson.

Alizaliwa Birkenhead mwaka 1936, binti wa mwashi. Aliacha shule akiwa na miaka 16, akafanya kazi katika duka la dawa kwa miaka miwili, kisha akapata ufadhili wa kusomea uigizaji katika chuo cha RADA, London. Baadaye alishinda Oscar mbili, kwa filamu za Women in Love na A Touch of Class, wala hakwenda kuzipokea.

Mimi naiweka mbele Elizabeth R, tamthilia ya BBC ya mwaka 1971 yenye sehemu sita. Alinyoa nywele za mbele ili paji lake lifanane na la Malkia Elizabeth wa Kwanza, akamwigiza tangu usichana hadi kifo. Vipodozi vilizeesha uso tu; aliyezeeka kweli ni msemaji. Mwanzoni maneno yanamtoka mbiombio, kama ya mtu anayehofia kukatwa kichwa. Mwishoni anasema machache, na akinyamaza, washauri wake wanatetemeka.

Mwaka 1992 aliacha sanaa, akawa mbunge wa chama cha Labour kwa miaka 23. Aprili 2013, Bunge lilipomkumbuka waziri mkuu wa zamani Margaret Thatcher, yeye alisimama kuzishutumu sera za marehemu. Wabunge wa upande wa pili walimpigia kelele. Sauti yake haikuyumba.

Ndipo likaja jambo ninalolistaajabia kuliko yote. Mwaka 2016, akiwa na miaka 80, alirudi jukwaani katika ukumbi wa Old Vic na kuigiza Mfalme Lear, nafasi inayowachosha hata wanaume wa makamo: zaidi ya saa tatu, tena sharti sauti ishindane na dhoruba ya jukwaani. Hakujibandika ndevu, hakuigiza uanaume. Aliisema mistari ya Shakespeare hadi maana yake ya mwisho, na hilo lilitosha kumfanya mfalme. Miaka miwili baadaye, huko New York, alipewa tuzo ya Tony kwa tamthilia ya Three Tall Women.

Alifariki Juni 2023. Kijana unayejifunza uigizaji, itafute Elizabeth R uitazame sehemu zote sita, kisha uzirudie ukiwa umefumba macho.