Maji Yanapochemkia Nyuzijoto 95

Mwalimu wa fizikia akichemsha maji Voi mjini, mita 560 hivi juu ya usawa wa bahari, kipimajoto chake kitasimama karibu na nyuzijoto 98. Akipanda matatu kupitia Mwatate hadi Wundanyi, maji yatachemkia 95 na kitu. Akijisumbua mpaka kilele cha Vuria, mita 2,208, hata 93 hayafiki. Kitabu cha kiada kinasema 100, na darasa zima limeshakariri 100. Hapo walimu huachana njia. Mmoja atasema kipimajoto ni kibovu, aendelee na somo. Mwingine atauliza kwa nini hewa ya mlimani inayakandamiza maji kidogo kuliko ile ya bondeni, kisha awaache wanafunzi wabishane.

Kumtoa mwalimu wa kwanza alipo na kumfikisha alipo wa pili ndiyo kazi iliyojitwika SMASSE, mradi wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Wizara ya Elimu ya Kenya iliuanzisha mwaka 1998 pamoja na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa. Ulianzia katika Chuo cha Ualimu wa Sayansi, Barabara ya Ngong, Nairobi. Baadaye kazi hiyo ikawa ya CEMASTEA, kituo kilichoko Karen. Wilaya tisa zilitangulia kwa majaribio, zikiwemo Makueni, Kajiado, Kisii na Kakamega. Taita Taveta, waliko Voi na Wundanyi, haikuwa miongoni mwao. Zamu yake ilikuja na awamu ya pili, iliyoanza 2003 kupeleka mafunzo nchi nzima.

Mafunzo yalifanyika wakati wa likizo, kwa mizunguko minne. Mtu angetarajia waanze na fomula, au na mada zinazowatoa jasho watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Walianza na mtazamo. Mzunguko wa kwanza ulimtaka mwalimu ajiangalie: anaamini kweli kwamba mtoto yeyote anaweza fizikia, au amekwisha kuwagawa wanafunzi wake kuwa wenye vichwa na wasio navyo? Mzunguko wa pili ukaingia katika majaribio ya vitendo, wa tatu ukayapeleka darasani, na wa nne ukatazama kama mwanafunzi mwenyewe amepata faida. Mpango huo ulikuwa wa busara. Mwalimu asiyeliamini somo, hata ukimjazia maabara vifaa, atavifungia kabatini visije vikavunjika.

Mbinu yenyewe iliitwa ASEI-PDSI, jina gumu lenye maana nyepesi. Nusu ya kwanza yadai somo liwe na shughuli, limweke mwanafunzi katikati, lijengwe juu ya jaribio, na litumie vifaa vya kubuni pale vya dukani vinapokosekana. Nusu ya pili ni hatua za mwalimu: panga, tenda, tazama, boresha. Kiini kipo katika “tazama”. Mwalimu hufundisha huku wenzake wameketi nyuma, kisha wote hulichambua somo. Walimu wa Japani wana desturi ndefu ya kukosoana namna hiyo. Kwa Mkenya aliyezoea kumwona mgeni darasani kama mkaguzi, lilikuwa jambo la kutia baridi.

Tuchukue pendulamu. Mwatate ina mashamba makubwa ya mkonge, kwa hiyo kamba ya katani si tatizo, na mawe yamejaa kila mahali. Ning'iniza jiwe kwa urefu wa mita moja, lisukume kidogo, hesabu mabembeo 20: yatachukua sekunde 40 hivi. Lakini katani imesokotwa, na ikibeba uzito huanza kujisokotoa, jiwe likazunguka badala ya kubembea tu. Mwalimu aliyelifanya jaribio hili mbele ya wenzake ameshakutana na kero hiyo na anajua kungoja kamba itulie. Anajua pia kwa nini huhesabiwa mabembeo 20 na si moja: kidole kikichelewa kubonyeza saa, kosa hilo hugawanywa kwa 20. Mtihani wa vitendo wa KCSE, wenye alama 40 kati ya 200 za fizikia, unapima hasa ujuzi wa namna hii.

Mradi ulikuwa na nyufa zake. Wakufunzi wa kitaifa waliwafunza wa wilaya, nao wakawafunza walimu. Kila ngazi iliongeza uwezekano wa somo kufika kama chai iliyotiwa maji. Gharama za wilayani zilitegemea michango ya shule kutoka kwenye karo, na walimu walinung'unikia likizo zao kukatwa. Zaidi ya hayo, mwalimu aliporejea shuleni, mara nyingi hakukuwa na mwenzake wa fizikia wa kuketi nyuma ya darasa. “Tazama” ikabaki kwenye karatasi.

Sasa mzigo umehamia kwingine. Tangu Januari 2023, gredi ya 7 ilipoanza, sayansi ya sekondari msingi ni somo moja lililochanganya fizikia, kemia na biolojia. Aliyesomea biolojia na kemia chuoni hujikuta akifundisha umeme. Kwake yeye, alasiri moja ya kuunganisha betri, waya na balbu pamoja na mwenzake wa shule jirani, kabla watoto hawajaingia, ina faida kuliko semina ya ukumbini. Kati ya shule za Voi mjini hilo ni suala la ratiba tu. Kasigau, ambako shule ni chache na ziko mbalimbali, litahitaji nauli, na nauli lazima iingizwe katika bajeti ya mafunzo tangu mwanzo.